Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS kwa aliyeuza biashara Mtwara au Lindi

Aliyekaa kaunta miaka ishirini amezoea kuhesabu hela kila jioni. Akishauza duka, gesti au mashine ya kukoboa, anabaki na fungu moja kubwa benki na mauzo ya siku hayapo tena. Hapo fungu linaanza kuliwa, maana ada ya shule, mchango wa harusi na bati la jikoni vyote vinachotwa humo humo. Mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, kwa mpango wake wa gawio la kila mwezi, ni mojawapo ya bidhaa chache nchini zinazogeuza fungu la namna hiyo kuwa kitu kinachokaribia mshahara. Tumeupima kwa mahitaji ya mfanyabiashara wa huku kusini aliyeuza au anayekaribia kuuza. Kwa kazi ya mshahara tunaukubali. Kwa kuweka fungu zima humo hatuukubali, na wapo watu ambao hauwafai kabisa.

Mfuko ulianza mwaka 2019. UTT AMIS ni taasisi ya umma, na mifuko yake inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hela za wawekezaji hukusanywa pamoja, sehemu kubwa inanunuliwa hati fungani, yaani mikopo ambayo Serikali au kampuni huchukua na kuilipia riba, na wewe unapewa vipande, ambavyo ni sehemu yako ya mfuko. Unaweza kuanza na Sh 50,000 na kuongeza kuanzia Sh 5,000, lakini hiyo ni kwa anayeacha faida ijirudie ndani. Anayetaka gawio kila nusu mwaka anahitaji Sh milioni 5, na anayetaka kila mwezi anahitaji Sh milioni 10. Hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka, na kwa mtu atakayekuwa anapunguza vipande kidogo kidogo uzeeni, jambo hilo lina uzito mkubwa.

Kujiunga hakuhitaji safari ya Dar es Salaam. Matawi ya CRDB na madalali wa soko la hisa wanapokea maombi. Andaa namba ya NIDA na akaunti ya benki yenye jina lako. Sehemu ya kuangalia kwa makini kwenye fomu ni ile ya kuchagua mpango: hakikisha umechagua gawio la mwezi, la sivyo faida itabaki ndani ya mfuko nawe unasubiri malipo yasiyokuja. Kingine kinachokwamisha malipo ni jina. NIDA inasema Mohamedi, benki inasema Mohamed. Sahihisha kabla ya kupeleka hela, si baada. Na usiandike akaunti ya biashara uliyoiuza. Akaunti ile inatakiwa kufungwa, au ikiwa umeuza kampuni nzima, watia sahihi wake si wewe tena. Gawio likipelekwa huko unaanza kufuatilia hela yako mwenyewe kwa barua.

Sasa kiasi cha gawio. Mtaani watu wanahesabu kwamba ukiweka milioni 10 unapokea laki moja kila mwezi. Hiyo ni asilimia 12 kwa mwaka. Si hesabu ya ajabu, kwa sababu hati fungani ndefu za Serikali zimekuwa zikilipa kuzunguka hapo, lakini mfuko hauahidi kiwango. Gawio linatoka kwenye riba za hati ambazo mfuko unazo, na riba hizo zinabadilika. Hati ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 12.56, na tangu hapo viwango vimepanda na kushuka. Watu wengi wakiingiza hela mpya wakati riba ziko chini, hela hizo zinanunua hati za riba ndogo, na wastani wa mfuko mzima unashuka taratibu, hata kwa aliyeingia zamani. Kwa hiyo panga bajeti ya nyumba kwa asilimia 10. Milioni 30 ihesabu kuwa Sh 250,000 kwa mwezi. Ikija laki tatu, hiyo elfu hamsini irudishe kwenye vipande.

Kurudisha ndiko kunakosahaulika. Mfumuko wa bei nchini umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka miaka hii ya karibuni, na kwa kasi hiyo kapu la sokoni la Sh 100,000 leo litakuwa karibu Sh 134,000 baada ya miaka 10, na karibu Sh 181,000 baada ya miaka 20. Anayekula gawio lote anakuwa fukara polepole bila kuona shilingi ikipungua kwenye taarifa yake ya mfuko. Dawa yake ni kutenga robo ya kila kinachoingia na kununua nayo vipande au hati nyingine. Tunalisisitiza hili kuliko yote, maana mtu wa miaka 55 anaweza kuishi na fungu hilo miaka 25 au zaidi.

Ubora mwingine wa mfuko ni kwamba unaweza kuuza vipande kadhaa na kuacha vingine. Ubora huo huo ndio hatari yake. Ndugu wakijua kwamba hela inatoka ukiomba, utaombwa kila msimu wa palizi. Hapo ndipo hati fungani unayoinunua mwenyewe inaushinda mfuko.

Hati fungani mkononi mwako

Hati za Serikali zinauzwa kwa mnada wa Benki Kuu, na mtu wa kawaida anaingia kupitia benki au dalali aliyesajiliwa. Kwanza unafungua akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hati zako, kisha unajaza ombi kabla ya mnada. Kiwango cha chini ni Sh milioni 1. Muda ni kuanzia miaka 2 hadi 25. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka kwa kiwango kile kile hadi hati iive, yaani muda wake uishe na urudishiwe hela yake, hata viwango vya minada mipya vikishuka, na riba ya hati ndefu imekuwa ikilipwa bila kukatwa kodi ya zuio. Benki Kuu ina tawi Mtwara mjini. Mwenye maswali ya ratiba na utaratibu aanzie hapo badala ya kutegemea anayosikia vijiweni.

Jambo linalowachanganya wengi ni bei. Hati ya thamani ya Sh milioni 100 si lazima iuzwe milioni 100. Ikiwa bei ya mnada ni 104, unatakiwa kulipa milioni 104. Ikiwa 96, unalipa milioni 96. Juu ya hapo, hati ya zamani iliyofunguliwa upya, yaani inayouzwa tena mnadani, ina riba iliyokwishajilimbikiza ambayo mnunuzi huilipa mbele na kurudishiwa kwenye malipo ya kwanza. Mtu anayeweka benki milioni 100 kamili na kuomba hati ya milioni 100 anaweza kukuta ombi limekataliwa kwa kupungukiwa. Omba hati ya milioni 90, kinachobaki kitakuwa akiba. Na ukiona riba ya asilimia 15 lakini bei ni 115, faida yako halisi si 15: unapokea 15 kwa kila 115 uliyotoa, yaani karibu 13, na mwisho unarudishiwa 100, si 115.

Kwa mkazi wa Mtwara na Lindi kuna hesabu ya ziada, nayo ni ya miezi. Hela ya huku inazunguka kuanzia minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka. Baada ya hapo mji unapoa, na aliyebaki na mikorosho ana palizi, kisha salfa na vibarua wa kupulizia katikati ya mwaka. Tarehe za riba za hati fungani zinafuata tarehe iliyotolewa, kwa hiyo unaweza kuchagua. Chukua hati inayolipa Januari na Julai, na nyingine inayolipa Aprili na Oktoba. Ya Januari inakuta ada ya shule, ya Julai inakuta shamba, na hakuna robo ya mwaka inayopita bila malipo. Mfuko peke yake haukupi mpangilio huo. Unakupa kiasi kidogo kinachokaribiana kila mwezi, kinachotosha sokoni, umeme na vocha.

Kasoro ya hati ni kutoka. Ukitaka hela kabla haijaiva unauza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia dalali, kwa bei ya siku hiyo. Riba za minada mipya zikiwa juu ya yako, utauza kwa hasara. Kwa hiyo hela ya matibabu haiingii humo.

Fungu linatosha?

Chukua matumizi ya mwaka, zidisha kwa 11. Ndiyo hesabu tunayoipendekeza kwa anayepata karibu asilimia 12 na kurudisha robo yake: kinachobaki kutumika ni asilimia 9. Nyumba inayotumia Sh milioni 1.2 kwa mwezi inatumia milioni 14.4 kwa mwaka, na fungu linalohitajika ni karibu milioni 160, baada ya kodi na madeni.

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi limeuzwa milioni 150. Kodi na madeni ya wauzaji wa jumla vinachukua 12, zinabaki 138. Sisi tungezigawa hivi: milioni 20 kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hao hao, ambao unaanzia Sh 100,000 na hela yake hutoka ndani ya siku tatu za kazi, hiyo ni ya mwaka wa kwanza na dharura. Milioni 30 kwenye Mfuko wa Hati Fungani kwa gawio la mwezi. Milioni 70 kwenye hati mbili za Serikali za miezi tofauti. Milioni 18 zibaki kwa bima ya afya, na kwa shughuli ndogo inayomfanya mtu aamke asubuhi. Kwa riba ya 12.56 hati zinaleta karibu milioni 8.8 kwa mwaka, na mfuko kwa makadirio yetu ya asilimia 10 unaleta milioni 3. Jumla ni milioni 11.8. Kwa nyumba ile ya milioni 14.4 kwa mwaka, pengo ni milioni 2.6, na hapo bado hajarudisha hata senti. Hesabu kama hii ifanyike kabla ya kusaini mauzo, wakati bado kuna nafasi ya kupandisha bei, kusubiri misimu miwili, au kubaki na hisa kidogo kwenye biashara.

Wapo watakaouliza kuhusu NSSF. Kwa aliyejiajiri mlango uko wazi, lakini pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Ni miaka 15. Kwa mwenye miaka 35 ni jambo zuri sana aanze leo akiwa bado na duka. Kwa anayeuza akiwa na miaka 57, hesabu haifiki.

Akaunti ya muda maalumu ya benki ni rahisi kuliko vyote na tunaiona inafaa kwa hela ya miezi sita hadi mwaka. Riba yake inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kumbuka pia kwamba Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye amana hadi Sh milioni 7.5 tu kwenye benki moja. Mfuko haumo kwenye bima hiyo hata kidogo.

Nyumba ya kupangisha ndiyo mshindani mkubwa, kwa sababu inaonekana. Mtwara inalijua hili vizuri. Wakati wa joto la gesi, kabla na baada ya 2013, viwanja vilipanda na gesti zikaota kila mtaa. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015 wageni wa mradi wakapungua, vyumba vikabaki. Lindi nayo ina watu wanaoshikilia viwanja kwa kusubiri mradi wa gesi ya Likong'o. Piga hesabu kavu: nyumba iliyokugharimu milioni 80 ikipangishwa laki tatu kwa mwezi inaleta milioni 3.6 kwa mwaka, asilimia 4.5, kabla ya kodi ya pango na mwezi mtupu. Upande wa Shangani na Mikindani upepo wa bahari unakula bati na nondo, na ukarabati unakuja mapema kuliko ulivyopanga. Nyumba inapanda thamani, hilo ni kweli na hati fungani haipandi. Lakini isiwe kitu cha kwanza kununuliwa na fungu la mauzo.

Kabla hela haijafika kwenye mfuko

Mfuko mzuri hauwezi kutibu mauzo mabovu. Huku kwetu kilema kikubwa ni malipo ya awamu yanayofungwa na korosho: "nitamalizia mnada ukifunguliwa." Bei ya korosho inayumba. Msimu wa 2024/25 minada ilivuka Sh 4,000 kwa kilo. Mwaka 2018 soko liligoma, Serikali ikanunua kwa Sh 3,300, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao muda mrefu. Muuzaji aliyefunga awamu yake kwa mnada wa mwaka ule alisubiri pamoja nao. Andika awamu kwa tarehe za kalenda, kwa mkataba wa wakili, na hati ya jengo isihamishwe hadi awamu ya mwisho.

Daftari la madeni ni kesi nyingine. Mnunuzi hatalipa thamani kamili ya mikopo ya wateja, na ana haki. Bora uuze Februari au Machi, madeni yakiwa yamekusanywa baada ya msimu na mzigo dukani ni mdogo, kisha umwonyeshe hesabu za miezi 24 ili aone Novemba na aone Mei pia.

Kwa TRA, jengo likiuzwa kuna kodi ya asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya thamani ya mauzo au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Jengo la milioni 90 lililogharimu milioni 75 kwa risiti lina kodi ya milioni 1.5, bila risiti ni milioni 2.7. Tafuta risiti za saruji hata kama ziko kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Mashine ya EFD na usajili wa VAT vifungwe kwa maandishi, la sivyo mfumo utaendelea kukudai ritani za duka ambalo si lako. Hiyo hela ya kodi itoke kwenye malipo ya kwanza na ikae Ukwasi; ikichanganywa na ya matumizi haitaonekana tena.

Bima ya afya inunuliwe mapema pia. NHIF ina vifurushi vya Ngorongoro Afya na Serengeti Afya kwa watu binafsi, na gharama inategemea umri na ukubwa wa familia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo imepunguza safari za Dar, lakini bila bima rufaa moja inaweza kula gawio la mwaka.

Haumfai nani

Anayeepuka riba. Mfuko huu, hati za Serikali na akaunti ya muda maalumu vyote vinaishi kwa riba, na pwani ya kusini ina Waislamu wengi ambao kwao hilo linamaliza mjadala. Wasilazimishwe. Zipo huduma zinazofuata sharia: CRDB ina Al Barakah, KCB ina Sahl, na iTrust Finance ina mfuko wa iMaan. Faida zake hazina kiwango kinachojulikana mbele kama hati fungani, kwa hiyo fungu la dharura liwe kubwa zaidi, la miezi 18 badala ya 12.

Haumfai pia mwenye fungu chini ya milioni 10, maana hafikii gawio la mwezi; aanze na Ukwasi. Na haumfai mwenye deni la benki linaloendelea. Mkopo wa asilimia 17 haulipwi kwa gawio la 12. Lipa mkopo kwanza.

Jambo la mwisho linahusu familia. Vipande na hati za CDS havionekani kama nyumba au shamba, na mwenye navyo akifariki ghafla wapo warithi wasiojua kwamba vipo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambako ukoo wa mama una sauti, watoto na wapwa wanaweza kufika Mahakama ya Mwanzo wakiwa na madai mawili tofauti juu ya fungu moja. Andika wosia mbele ya mashahidi. Pamoja nao weka karatasi yenye namba ya akaunti ya vipande, namba ya CDS, jina la benki au dalali, na tarehe za riba. Nakala moja abaki nayo mwenza wako, nyingine wakili au mtu ambaye pande zote mbili za ukoo zinamwamini, na ibadilishwe kila unaponunua hati mpya.